Mwanangu, kuendesha taratibu hakumtoi mtu bangi kichwani

Mwanangu,

Nimeamua kukuandikia maana kwenye simu wewe una jibu lako moja tu, "sawa mama, sawa mama", alafu ghafla chaji inaisha. Hii ni ndefu na najua utataka kuruka ruka, naomba usiruke, soma yote baba, alafu na wewe unijibu kwa maandishi, sitaki emoji ya dole.

Ni lile neno ulilosema juzi tukiongelea safari yenu ya kumaliza mitihani. Nilikuuliza nani anaendesha ukanitajia rafiki yako, nikakuuliza si ndo yule anayevuta, ukacheka, ukasema "mama huyo akivuta ndo anaendesha vizuri, anakuwa mpole, anaenda taratibu, sio kama walevi." Sikukujibu pale pale kwa sababu baba yako alikuwa karibu na sikutaka jioni ile iharibike. Lakini neno halijanitoka. Nikiwa zamu nalifikiria, nikilala nalifikiria. Ungelisema kwa kuficha ficha ningepata nafuu, maana anayeficha anajua kuna kosa. Wewe ulilisema kwa kujiamini kabisa, kama mtu anayesema jua linachomoza mashariki, na hapo ndo nikaogopa.

Leo sitaki kugombana na wewe kuhusu nani anavuta na nani havuti, hilo lina siku yake na siku hiyo itafika usidhani nimesahau. Leo nataka tuongelee usukani peke yake. Nani anashika usukani, na wewe unakaa gari la nani.

Tuanze na hilo la taratibu, nikupe haki yako, lina ukweli. Watafiti wamewaweka watu kwenye mashine za kuigiza udereva, na Uholanzi miaka ya tisini waliwapeleka hadi kwenye barabara zenyewe na magari yenyewe, na wakaona kweli aliyevuta mara nyingi anapunguza mwendo na anaacha nafasi kubwa kwa gari la mbele. Anajijua kichwa hakiko sawa, anajaribu kufidia. Mlevi wa pombe yeye anajiona hodari, anaongeza mwendo. Hapo mko sawa. Shida ni kwamba mmeishia hapo, na watafiti hawakuishia hapo. Huyo huyo mpole wenu gari linamyumba ndani ya mstari wake, linasogea kushoto linarudi kulia na yeye hana habari. Vitu viwili vikija kwa wakati mmoja, labda taa imebadilika na huku kuna mtu anavuka, akili inashika kimoja inaachia kingine. Na mguu unachelewa kufika kwenye breki.

Kwenda pole kunasaidia barabara ikiwa tupu na unajua kinachokuja mbele. Mtoto akichomoka nyuma ya gari lililopaki, pikipiki ikikatiza, lori la mbele likifunga breki, hapo upole hausaidii kitu, hapo anatakiwa mtu ambaye ubongo wake uko pale pale. Wewe ni mtu wa hesabu, hebu piga. Gari kwenye spidi 80 linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa nusu sekunde tu, gari limesogea mita 11 kabla breki haijaguswa. Haya, tuseme anaenda hiyo taratibu yenu, spidi 50, ni kama mita 14 kwa sekunde, nusu sekunde ni mita 7. Mita 7 zinatosha kabisa kumfikia mtu anayevuka. Na hapo nimehesabu kuchelewa kwa nusu sekunde, sijahesabu yule ambaye alikuwa anatazama taa za mji zinavyopendeza.

Na msijione mmegundua kitu kipya, hilo wazo liko kwenye vyuo vingi. Marekani ulitoka utafiti 2014 kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo vikuu viwili, wote hawajafika umri wa kuruhusiwa kunywa, na ikaonekana vijana wa kiume waliokuwa wanavuta walikuwa wepesi zaidi kukiri kwamba wameendesha baada ya kuvuta kuliko wale wanywaji walivyokiri kuendesha baada ya kunywa. Na kupanda gari la aliyevuta ndo ilikuwa kawaida kabisa, wavulana kwa wasichana. Nilipoisoma niliona sura yako. Maana ndo vile vile, pombe mnaihesabu ni hatari, bangi mnaihesabu ni utulivu.

Nimejiuliza sana kwa nini, wewe si mjinga na wenzako si wajinga, mmefaulu mitihani ambayo mimi ningeshindwa. Nadhani ni kwa sababu pombe mmepigiwa kelele tangu mko wadogo. Kuna mama mmoja Marekani, Candace Lightner, binti yake wa miaka 13 aligongwa na dereva mlevi mwaka 1980 akafa, yule mama akaanzisha chama cha akina mama wa kupinga udereva wa ulevi, wakabana wanasiasa mpaka sheria zikakazwa na watu wakaanza kuona aibu. Miaka zaidi ya 40 ya kelele. Bangi haijawahi kupigiwa kelele kama hizo za barabarani, ilikuwa inapigiwa za polisi na za wazazi, "utakuwa chizi", na nyie mkaona wenzenu wanavuta na hawawi machizi mkaamua wazazi ni waongo kwenye kila kitu. Hapo sisi wazazi tulipaswa kusema na nyie vizuri zaidi. Lakini kwamba tulisema vibaya haimaanishi barabara itakuonea huruma.

Alafu lile lingine mnalosema, trafiki hana kipimo cha bangi. Kwanza si kweli kila mahali, jimbo la Victoria kule Australia trafiki wanapima mate ya dereva barabarani tangu 2004, na nchi nyingine zimefuata. Pili, baba, unaniambia kipimo cha trafiki kana kwamba mimi naogopa trafiki. Mimi siogopi ukamatwe. Ukikamatwa nitakuja, nitalia, nitakugombeza, alafu tutarudi nyumbani pamoja. Hiyo naitaka kuliko ile nyingine.

Unajua ninapofanya kazi. Sikuletei stori za wodini kwa sababu si zangu kuzisambaza, na wewe mwenyewe umeshafika pale ukaona vitanda. Nitakwambia tu kwamba wanaokuja kwetu kutoka barabarani wengi ni wa umri wako. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndo zinaongoza kuua watu wa kuanzia miaka 5 hadi 29, zinapita magonjwa yote tunayoyaogopa, na kwa mwaka wanakufa watu kama milioni 1.19. Na hao ni waliokufa. Hawajahesabiwa wanaobaki. Watu wakisikia "amenusurika" wanashukuru wanaenda kulala, sisi ndo tunabaki na aliyenusurika. Mguu wenye vyuma, kichwa kilichopigwa ambacho hakirudi kusoma kama zamani, kijana mkubwa anafundishwa tena kushika kijiko na mama yake amekaa pembeni. Nikisikia gari la dharura linaingia usiku wa kuamkia Jumapili naangalia simu yangu kwanza. Hujui hilo, sijawahi kukwambia. Naangalia kama uko onlaini.

Sasa pombe. Najua utasema hilo unalijua, na kweli kuna mahali umenifanya nijivune. Ile siku uliyomnyima mwenzako aliyelewa funguo za gari, kesho yake alinikumbatia na kunishukuru mpaka nikaona haya, na mama yake mpaka leo akiniona ananishika mkono. Kijana wa miaka 20 kusimama mbele ya wenzake na kusema "huendeshi" si kitu kidogo, wazee wengi hawawezi. Ndo maana sielewi inakuwaje mtu huyo huyo ananiambia habari za "akivuta anakuwa mpole". Ule moyo uliokuwa nao siku ile umeuacha wapi?

Lakini na kwenye pombe kuna kitu hukijui vizuri, na nakisema kwa sababu ya ile asubuhi uliyoenda kumrudishia mjomba wako gari. Ulilala saa nane usiku ukaamka saa moja, ukaoga, ukanywa kahawa, ukasema niko fiti. Mimi nilikutazama macho tu. Ini la binadamu lina kasi yake moja, linaondoa kama miligramu 15 hivi za pombe kwenye kila mililita 100 za damu kwa saa, wengine kidogo zaidi, wengine pungufu. Ni kama tangi lenye kabomba kamoja kembamba, hata ulipigie kelele maji yanatoka vile vile. Kahawa haiongezi bomba, maji ya baridi hayaongezi, kutapika hakuongezi maana iliyoshaingia kwenye damu imeshaingia. Kwa hiyo mtu akilala saa nane usiku akiwa na 150 kwenye damu, ambayo ni ulevi wa kweli, saa moja asubuhi yamepita masaa matano, imetoka 75, na 75 nyingine bado iko. Nchi nyingi kiwango cha juu cha dereva ni 50. England wao tangu 1967 wameweka 80. Sweden ni 20, yani karibu sawa na kusema usinywe kabisa. Na Shirika la Afya Duniani linashauri madereva vijana na wale wapya wawekewe hiyo 20. Kwa hiyo ile asubuhi huyo mtu wetu wa mfano anashuka ngazi amependeza, amenukia, meno yamepigwa mswaki, na kwenye hizo nchi za 50 ni mlevi kisheria.

Na kwa nini kijana anawekewa kiwango chake? Kwa sababu kwa pombe ile ile, bia zile zile, uwezekano wa kijana kupata ajali unapanda kuliko wa mtu mzima aliyeendesha miaka mingi. Hujapata bado ule uzoefu unaokufanya mguu uende kwenye breki wenyewe. Usinune, si tusi, hata mimi nilikuwa hivyo.

Sasa sikiliza hapa, hili ndo naomba ulishike kuliko yote. Kile kipimo mnachokitumia, "najisikia poa", ndo kipimo kibovu kuliko vyote. Pombe ikiwa inapanda mtu anaisikia, kichwa kinazunguka, anajua amelewa. Ikianza kushuka anaanza kujisikia mzima, anasema imeisha, kumbe kwenye damu iko kiwango kile kile ambacho saa mbili zilizopita kilikuwa kinamyumbisha. Mwingereza mmoja, Mellanby, aliliandika jambo hilo tangu 1919, na mpaka leo watu wanaingia kwenye mtego ule ule. Anajisikia poa, lakini macho na mikono haijarudi. Ndo maana wengi hawaondoki na gari pati ikiwa katikati, wanaondoka mwishoni, pale wanapojiona wamepoa. Na bangi ni hivyo hivyo kwa namna yake, ile stimu kali inaondoka mapema lakini umakini unachukua masaa kadhaa kurudi, unaweza kufika matano na zaidi kutegemea alivuta nini na kiasi gani. Na ile ya kula, mnayoweka kwenye keki na biskuti, ndo mbaya zaidi kwa dereva, inaweza kukaa nusu saa mpaka masaa mawili haijafanya kitu, mtu anasema hii feki, anaongeza kipande, anawasha gari, inamkuta njiani na abiria wanne.

Vikichanganywa ndo sitaki hata kufikiria. Bia mbili na msokoto, dereva anasema bia ni mbili tu, nimevuta kidogo tu, kila kimoja anakihesabu peke yake kidogo kidogo. Mwilini haviji kwa zamu. Vinakutana, na madhara yake kwenye uendeshaji yanakuwa makubwa kuliko ya kimoja kimoja. Ule ujanja wa mvutaji wa kupunguza mwendo, pombe inauondoa, unabaki na mtu anayeyumba na asiyeogopa.

Na kwenye safari yenu kuna kingine tena, usingizi. Mnamaliza karatasi ya mwisho baada ya wiki ya kukesha, mchana huo huo mnapakia mabegi. Australia mwaka 1997 watu wawili walipima hilo, mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo utendaji wake unashuka kama wa mtu mwenye pombe ile 50 niliyokwambia. Hajanywa tone. Sasa mtu huyo mpe na msokoto wa kusherehekea.

Mwanangu mimi sijasema usiende. Baba yako alitaka nikwambie usiende na nimemwambia huyo ni mtu mzima, amefanya kazi, apumzike na wenzake. Nenda. Lakini usipande hilo gari kama huyo kijana amevuta. Usipande. Hata kama ni kidogo. Hata kama ni kilomita tatu kutoka mlipofikia mpaka barabarani, maana najua na hilo mtasema, "ni hapo tu". Hata kama gari zima limeshajaa na wewe ndo wa mwisho na wote wanakutazama.

Hapo ndo pagumu na najua ni pagumu. Kukataa kuendesha ukiwa umelewa ni kitu kimoja, kukataa kupanda ni kingine kabisa, ni kama unamtukana mwenzako mbele za watu. Watakwambia unajifanya mtakatifu, watakwambia umeanza kuwa kama wazazi. Na kiti cha abiria kina udanganyifu wake, unaona mimi sijafanya kosa lolote, kosa ni la dereva. Ni kweli kosa ni la dereva. Mbavu zitakuwa zako.

Na usinirudishie habari za baba yako na zile sherehe za ukoo. Najua uliona, mlikuwa nyuma wewe na mdogo wako na mimi nilikuwa mbele nimeshika mlango nimenyamaza. Hayo tutaongea ukirudi, na baba yako atakuwepo. Ndo maana nasema najua ni pagumu.

Basi nakupa maneno, uyatumie kama yalivyo. Mwambie mapema, kabla mtu hajawasha chochote, siku mbili kabla ya safari, mkiwa wazima wote mnakunywa maji: "Tukienda, anayeendesha hanywi na havuti mpaka turudi. Kama hakuna anayetaka, mimi naendesha." Mapema ndo siri yake. Saa tano usiku kila mtu ana hoja, na wewe mwenyewe ukishakunywa kidogo yule anayeamua ndani yako si yule mwenye akili. Leseni unayo, na wewe ni dereva mzuri, mjomba wako anasema unaendesha kuliko yeye, sikutaka kukwambia ungevimba kichwa. Na tafadhali mkubaliane kuwa dereva ni yule ambaye hajagusa kabisa. Najua mambo yenu ya kuchagua "aliyekunywa kidogo kuliko wote", huyo si dereva, huyo ni mlevi mwenye afadhali.

Funguo zikae kwa huyo dereva tangu mnafika. Gari likishindikana, laleni hapo hapo mlipo, hata sakafuni, hakuna aliyekufa kwa kulala sakafuni na koti. Likishindikana na hilo chukua teksi, ile hela niliyokutumia jana si ya data, ni ya teksi, iache pembeni usiiguse. Na yote yakishindikana nipigie mimi. Saa tisa usiku nipigie. Nikiwa zamu nipigie. Sitakuuliza uko na nani na umetumia nini, usiku huo sitauliza kabisa, nitatafuta namna ya kukufikia. Nitauliza wiki inayofuata, siwezi kukuahidi nitanyamaza milele, unanijua. Baba yako mwachie mimi.

Mkanda ufunge hata ukikaa nyuma. Nyuma mnapuuza wote. Mtu wa nyuma asiyefunga mkanda anarushwa mbele na kumponda aliyekaa mbele yake, kwa hiyo hata kama wewe hujali mfikirie huyo.

Na ukisikia mtu ameanza ile "mimi nimezoea, mwili wangu umezoea", mwangalie vizuri. Aliyezoea anaweza kuonekana mzima zaidi kuliko asiyezoea, anaongea vizuri, anatembea vizuri, na kwenye kazi nyepesi anaweza kweli kufidia. Jambo la ghafla ndo linamkamata. Kuzoea kunamwongezea imani tu, na nimewaona waliozoea.

Nyumbani tuko salama. Bibi amepelekwa kupimwa macho, wamesema jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, atafanyiwa, hana wasiwasi kabisa wasiwasi ni wetu. Anakuuliza kila siku, usipompigia ananisingizia mimi kwamba nimekuzuia. Kile chumba chako kinavuja tena pale kona ya dirisha, vitabu vyako nimevihamishia kwa mdogo wako, usije ukagombana naye amevipanga vizuri kuliko ulivyoviacha. Baba yako presha imetulia, anatembea asubuhi, amepunguza na mambo yake yale, sijui kama ni daktari amemtisha au ni mimi, sijamuuliza nisije nikaharibu.

Mdogo wako ameanza kusema anataka chuo chako hicho hicho. Anakuiga kila kitu, juzi nimemsikia anamwambia rafiki yake kwenye simu kwamba bangi si kama pombe, ni majani tu. Nilisimama mlangoni miguu imeisha nguvu. Nilimuuliza umetoa wapi akasema kaka kasema. Ana miaka 15. Hii barua nusu yake ni yako na nusu yake ni yake, na ningependa yeye aisikie kutoka kwako wewe uliyempa ile ya kwanza. Mimi atanisikiliza alafu atasema mama ni mwoga. Wewe ukimwambia kwamba umechunguza ukaona ulikosea, ataamini, na hutapungukiwa na chochote machoni kwake.

Nimeandika sana na zamu inaanza. Nijibu vitu viwili, nani anaendesha kwenda, na nani anaendesha kurudi, maana nyie kwenda huwa mna dereva, kurudi ndo mnaanza kutafutana. Nitumie na namba ya simu ya huyo atakayekuwa anaendesha, sitampigia, nataka tu niwe nayo. Huyo rafiki yako mwingine mrefu, yule asiyegusa chochote, yeye haendi? Mbona hamumfundishi kuendesha?

Alafu kikokotoo cha mdogo wako uliondoka nacho wewe, mitihani yake inaanza Jumatatu ijayo, mpe mtu anayekuja huku akilete kabla ya hapo.

Mama